Miiba Kumi na Minne

Siku ya saba Hulda alihesabu miiba kwa mara ya tatu, akapata idadi ileile ya jana na juzi. Alitoa jicho kwenye hadubini, akalifumba kidogo lipumzike, kisha akaandika. Nje, Makambako ilikuwa imemezwa na ukungu tangu asubuhi. Malori yalisikika yakibadilisha gia pale njia panda, ya kwenda Mbeya na ya kwenda Songea, lakini hakuna lililoonekana.

"Kumi na minne tena," alisema.

"Vizuri," alijibu Bwana Nyundo bila kugeuka. "Na ncha?"

"Kila mwiba umegawanyika mwishoni, kama panda ya manati."

"Mlango?"

"Uko wazi. Kifuniko hakipo."

Ilikuwa Juni mwaka 1956. Hulda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenyeji wa Bulongwa, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepima choo na damu katika zahanati moja ya misheni karibu na Njombe. Sista wa Kiswidi aliyemfundisha hadubini alimfundisha pia kuchora kila alichokiona, kwa kuwa zahanati haikuwa na kitabu cha picha za minyoo. Mkono wake ukajulikana. Bwana Whitlow, mtaalamu wa miamba ambaye watu walimwita Bwana Nyundo kwa sababu nyundo haikumtoka kiunoni hata akienda kanisani, alisikia habari zake akaomba aazimwe kwa miezi mitatu. Hulda akahamia kwa shangazi yake Priska huko Kitandililo, na kila asubuhi alitembea mpaka kwenye nyumba ya mabati iliyokuwa ofisi ya yule Mwingereza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kuieleza kwa shangazi. Bwana Nyundo aliyeyusha vipande vya jiwe jeusi kwenye asidi kali, nje, upande upepo unakoelekea. Kilichobaki kilikuwa vumbi tu. Lakini vumbi hilo likitandazwa juu ya kioo na kufunikwa kwa gundi laini, hadubini ilionyesha vidude vya mviringo, rangi ya chai, vilivyojaa miiba. Upana wa kimoja haukuzidi unene wa unywele. Bwana Nyundo alisema hakuna mtu duniani aliyewahi kuviandika.

"Ukikipa kitu jina," alimweleza siku ya kwanza, "lazima ukieleze kiasi kwamba mtu wa mbali, ambaye hajakiona, akikutana nacho aseme: ndicho hiki. Asikichanganye na ndugu zake. Tunapima, tunahesabu, tunachora. Tunaandika na mahali jiwe lilipotoka. Halafu tunachagua kimoja, kimoja tu, kiwekwe kabatini kiwe shahidi wa wenzake wote. Hicho kinaitwa kielelezo."

Shida yake ilikuwa mahali. Lile jiwe aliliokota kwenye kokoto za mto, akazunguka wiki sita asione mwamba lilikong'oka. Na shida ya pili Hulda aliigundua mwenyewe. Vidude mia mbili na kumi na moja walikuwa wameshavipitia, na vyote vilikuwa na tundu upande mmoja, la mviringo, lililokatwa safi kama kwa kisu.

"Kilitoka nini humo?" aliuliza.

Bwana Nyundo aligeuka. "Nitakwambia ninavyodhani mimi, ingawa wenzangu hawakubali. Hapa palikuwa bahari, Hulda, wakati nchi kavu haina hata jani moja. Maji yalipoharibika, kiumbe fulani kilijifunga humu ndani kikasubiri. Maji yalipotengemaa, kilisukuma kifuniko kikatoka. Sisi tunaokota maganda."

"Kiumbe gani?"

"Hakuna ajuaye. Tunaliwekea jina ganda la kitu ambacho hakuna aliyekiona."

Hulda aliinama tena kwenye hadubini. Tangu siku ya kwanza kuna jambo lilikuwa likimkereketa moyoni, na sasa, akiutazama mwiba mmoja uliopinda, alilijua. Alikuwa amewahi kukiona kidude hiki. Hakukiona kwenye jiwe.

Jumamosi alipanda lori la viazi mpaka Njombe, akaenda chumbani kwake kwenye nyumba za wafanyakazi, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Madaftari yake yalikuwa tisa. La tatu lilikuwa la mwaka 1949, na kwenye ukurasa wa tarehe tisa Agosti, baada ya mayai ya safura na ya minyoo ya tumbo, kilikuwepo. Duara lenye miiba kumi na minne, ncha zimegawanyika. Mwiba wa tatu kutoka mlangoni ulikuwa umevunjika katikati, na kipande kimelala upande.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Ndani ya duara alikuwa ametia kivuli cha penseli, kitu kilichojikunja. Chini yake aliandika: *Telesia, mke wa Hezekia, Mdandu. Mimba miezi mitano, tumbo linauma. Hiki sikijui.* Halafu palikuwa na maneno mawili yaliyokatwa kwa mstari. Aliyasogeza dirishani ayasome. *Kinajisogeza ndani.* Akakumbuka kwamba aliyakata mwenyewe, kwa kuwa mganga wa zahanati, Danieli, alichungulia akacheka akasema ni chavua ya ua. Kioo kikaoshwa, kikapimiwa mgonjwa mwingine.

Jumatatu aliliweka daftari mbele ya Bwana Nyundo. Yule mzungu aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa.

"Hii umeichora lini?"

"Tarehe imeandikwa hapo. Miaka saba kabla hujafika huku."

"Kwenye choo cha mtu."

"Cha mama mjamzito."

Alisimama akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Hulda alidhani ataitwa mwongo, akajiandaa. Lakini mzungu alikuwa akifikiri, na ghafla uso wake ukafunguka. "Wanawake wa huku wakiwa na mimba wanakula nini? Kitu kisicho chakula."

"Udongo," alisema Hulda, na papo hapo akaelewa. "Na mawe laini. Kila kijiji kina genge lake la kuyachimba."

"Basi mama huyo anajua jiwe langu linatoka wapi," alisema Bwana Nyundo, na tayari alikuwa anatafuta ufunguo wa gari.

Hulda alifarijika njia nzima. Jambo lilikuwa na maelezo. Mwanamke alikula jiwe, jiwe likapita tumboni, vidude vikatoka vizima kama mbegu za mapera. Lakini walipokuwa wanakaribia Mdandu, Bwana Nyundo alisema, kama mtu anayejisemea, "Ila sijawahi kuona hata kimoja kilichofungwa," na ile faraja ikapungua.

Nyumba ya Hezekia ilikuwa ya matofali mabichi, imeezekwa vizuri, na mfereji wa maji ya shamba ulipita mbele ya mlango. Mama yake, Bibi Fidelia, alikuwa uani akipura maharage.

"Kamwene, mama," Hulda alisalimu.

"Kamwene, mwanangu. Karibuni." Alimtazama mzungu, akatazama nyundo, akavuta kigoda kimoja tu. Hezekia alitokea nyuma ya nyumba, mtu mrefu mpole, mzee wa kanisa ingawa hakuwa amefika umri wa kuitwa mzee.

Hulda alieleza kwamba alimpima mkewe zamani, akauliza hali yake. Na mtoto yule, je, alizaliwa salama?

Hezekia na mama yake walitazamana.

"Hajazaliwa," alisema Bibi Fidelia.

"Pole sana. Mimba ilitoka?"

"Haikutoka. Ilihamia mgongoni."

Hulda alikuwa amewasikia wagonjwa wengi wakisema hivyo. Mimba inakataa kukua, inapanda mgongoni, inalala huko mwaka au miwili, halafu siku moja inarudi mahali pake. Kwenye zahanati aliandika *imeharibika* na kuendelea na kazi. Lakini hakuwahi kusikia ya miaka saba, na hakuwahi kumwona mzee wa kanisa akiikubali kwa utulivu vile. "Tumeizoea," Hezekia alisema. "Yeye anasema inasubiri."

Telesia alitoka ndani akifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi yake nyororo kuliko ya wanawake wa rika lake. Alimtambua Hulda mara moja. Alipoulizwa juu ya jiwe, aliingiza mkono kwenye pindo la kitenge akatoa kipande cheusi kilichong'aa kwa kushikwashikwa.

"Bado ninakula," alisema. "Nikiacha, mgongo unakauka."

Genge lilikuwa mwendo wa saa moja, upande ambako nchi inaanza kushuka kuelekea Usangu. Walishuka wanne, Telesia akitangulia. Ukungu ulikuwa chini yao mwanzoni, kisha wakauingia. Mwamba mweusi ulijitokeza ubavuni mwa bonde, tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na chini yake ardhi ilikuwa imechimbuliwa na vizazi vya vidole. Bwana Nyundo alipiga magoti akagusa mwamba kwa mikono miwili. Alikuwa mwenye furaha kabisa. Alianza kupima na kuandika, na Hulda akashika mifuko.

Telesia aliketi akamega kipande, akakitafuna taratibu. "Mmefika mapema," alimwambia Hulda. "Bado hayajapanda."

"Nini?"

"Subiri."

Haikuanza ghafla. Hulda alidhani ni upepo kwenye majani, ila majani hayakutikisika. Ilikuwa sauti pana, ya chini, kama watu wengi sana wamelala pamoja na wanavuta pumzi pamoja, wanaishusha, wanangoja, wanaivuta tena. Ilitoka kwenye mwamba, au nyuma yake. Alimtazama Hezekia. Alikuwa amevua kofia na kuikumbatia kifuani.

Hulda alikuwa hajawahi kufika pwani. Hakujua anasikia nini. Ila alimwona Bwana Nyundo, ambaye aliwahi kumsimulia kwamba alizaliwa kwenye nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa ufukweni. Kalamu yake ilikuwa imesimama. Alinyanyuka polepole, akaegemeza sikio kwenye mwamba.

"Muulize inakuja lini," alisema kwa sauti ndogo.

Hulda aliuliza. Telesia alijibu bila kuacha kutafuna. "Mara mbili kwa siku. Ila haiji saa ileile. Leo ikija sasa, kesho itachelewa kidogo, keshokutwa zaidi kidogo. Inafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, inapanda mpaka hapa," na alionyesha tabaka lililokuwa juu ya kichwa chake.

Mwingereza hakuandika. Alifunga daftari, akafunga mfuko wa mawe, akasema, "Tuondoke." Walikuwa wameona mabati ya kwanza ya Makambako alipozungumza. "Upepo kwenye nyufa," alisema.

Jiwe la genge liliyeyuka kwa siku tatu. Siku ya nne Hulda aliweka kioo cha kwanza chini ya hadubini. Safari hii si vyote vilikuwa maganda matupu. Kimoja kati ya kila kumi kilikuwa kimefungwa, na kifuniko chake kimekaa barabara kama kifuniko cha chungu. Na kwenye kioo cha tano, karibu na ukingo, alikikuta chenye miiba kumi na minne, wa tatu kutoka mlangoni umevunjika katikati, kipande kimelala upande.

Alifungua daftari la 1949 akaliweka kando ya hadubini. Alipima pembe ya mwiba. Alipima kipande. Kisha alimwita Bwana Nyundo, akampisha kitini.

"Miiba huvunjika," alisema Mwingereza, jicho bado kwenye hadubini. "Inaweza kuvunjika mahali pamoja mara mbili."

"Na pembe ileile?"

"Inaweza." Alimrudishia kiti. "Ni kizuri kuliko vyote. Kitakuwa kielelezo. Kichore leo, chukua muda wako."

Alikichora kutwa nzima, na ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora. Alichora na kile kilichojikunja ndani, kwa nukta ndogondogo za wino. Mara mbili alisimama akatembea uani, kwa sababu alihisi kwamba picha na kitu haviendi sawa: akimaliza kuweka nukta na kurudisha jicho, mkunjo ulikuwa umeshuka kidogo. Jicho limechoka, alijiambia. Jioni waliandika anwani ya kidude kile, namba mbili za rula za hadubini, ili mtu yeyote akikitafuta juu ya kioo akipate. Bwana Nyundo alifungia kioo ndani ya sanduku, akatia ufunguo mfukoni.

Asubuhi alilifungua Hulda akiwepo. Waliweka kioo, wakaenda kwenye anwani. Kidude kilikuwa palepale, mwiba uliovunjika palepale. Mlango ulikuwa wazi. Kifuniko kilikuwa kimelala pembeni, kizima, na ndani hamkuwa na kitu.

Gundi iliyokifunika ilikuwa imekauka. Hulda aliigusa pembeni kwa sindano, ikakwaruza kama kucha.

"Joto la taa," alisema Bwana Nyundo. "Gundi imevuta, kifuniko kimeng'oka." Alikaa. "Kichore upya. Hivi kilivyo sasa."

"Na picha ya jana?"

"Kielelezo ni hiki kilichopo kwenye kioo. Nikituma picha isiyolingana nacho, wataniita mwongo."

"Lakini jana kilikuwa hivyo, Bwana. Ulisema tueleze ili mtu wa mbali akijue."

"Najua nilichosema." Hakukasirika. Alionekana mchovu tu, na mzee. "Ichukue wewe hiyo picha. Ni yako."

Hulda alikuwa bado anachonga penseli Hezekia alipoingia. Alikuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri, matope mpaka magotini. "Imeshuka," alisema. "Imerudi mbele jana jioni, na sasa ana uchungu. Mama ameniambia nikuite wewe."

Bwana Nyundo aliwapeleka kwa gari mpaka Mdandu, lakini hakushuka.

Walikuwa wamechelewa. Telesia alikuwa ameketi nje juu ya mkeka, juani, amejifunga kitenge kikavu, anakunywa uji. Tumbo lake lilikuwa bapa. Bibi Fidelia alimshika Hulda mkono, akampeleka ndani.

"Yalikuwa maji," alisema. "Maji matupu. Nilingoja mtoto, nikangoja hata damu, hakuna. Yalitoka kwa saa nzima, ya baridi. Mtu mmoja hana maji kiasi hicho."

Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa toka kitandani mpaka kizingitini, na palipoanza kukauka palikuwa na utando mweupe. Hulda alichutama akaugusa kwa kidole, akaonja. Chumvi. Maji yalikuwa yamechimba kijia chembamba, kimevuka kizingiti na ua, kikaingia kwenye mfereji. Alikifuata mpaka ukingoni. Mfereji ulikuwa unatiririka kama kawaida, maji ya kahawia, majani mawili matatu yakielea.

"Mliona kitu kingine?" aliuliza. "Kitu chochote ndani ya maji?"

"Mimi nilikuwa namshika yeye," alisema Bibi Fidelia. "Sikutazama chini."

Alimpima Telesia kadiri alivyoweza bila vifaa. Mapigo mazuri, hana homa. Telesia hakulia wala hakucheka. Alisema anasikia njaa, na kwamba hataki tena jiwe.

Bwana Nyundo aliondoka Agosti. Kijitabu chake kilifika zahanati mwaka 1958, kimeandikwa kwa Kiingereza, na Hulda aliona picha yake ya mlango wazi na jina lake chini kwa herufi ndogo. Binamu yake Nikodemo, mwalimu wa shule ya kati, alimsomea maelezo: upana, miiba, ncha, genge la magharibi ya Mdandu. Kulikuwa na sentensi iliyosema vidude vyote vilivyoonekana vina tundu. Hulda alimwomba airudie, kisha akamshukuru.

Mwaka huohuo, wakati wa kupanda, Telesia alikuja Njombe. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, tumbo liko mbele kama la mtu yeyote, na Hezekia alikuwa amebaki getini na baiskeli. Hulda alimpima yeye mwenyewe. Alikipitia kioo mstari kwa mstari, mara mbili, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Umeona nini?" Telesia aliuliza.

"Safura kidogo. Nitakupa dawa."

"Basi?"

"Basi, dada. Mko salama."

Telesia alipokea dawa akaifunga kwenye pindo. Hakuinuka. Alikuwa anatazama nje, ambako mvua ilikuwa inashuka kwenye mitaro.

"Yule Bwana alijua mambo ya mito," alisema. "Aliwahi kukwambia maji ya kwetu yanaishia wapi?"

"Yanaingia Ruaha. Halafu Rufiji. Mwisho baharini."

"Ni mbali?"

"Mbali sana."

Telesia alihesabu kitu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Miaka miwili inatosha kufika," alisema, akajifunika kitenge kichwani na kutoka kwenye mvua.